Pombe, jeni na mifupa ya nyonga: maswali na majibu

Je, pombe huidhuru mifupa kwa njia gani?

Mfupa wa mtu mzima haukai vilevile maisha yote. Kila siku ziko seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na seli nyingine zinazojenga mpya mahali pake. Pombe nyingi huzidhoofisha hizi za ujenzi, na uboho nao huanza kujaa mafuta, kwa hiyo ubomoaji huendelea huku ujenzi ukisuasua, hata mfupa ukawa na matundu na kuvunjika kwa pigo dogo. Tena mnywaji wa kupindukia mara nyingi hali vizuri, na akilewa huanguka.

Kikokotoo cha FRAX, kinachotumiwa na madaktari wa nchi nyingi kukadiria uwezekano wa mtu kuvunjika mifupa, huhesabu kuwa hatari unywaji wa vipimo 3 au zaidi kwa siku, kila kipimo kikiwa na gramu 8 hadi 10 za pombe halisi. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20, kwa hiyo anayekunywa chupa mbili kila jioni amekwisha kuuvuka mpaka huo.

Jeni zinahusikaje?

Ini huivunja pombe kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu. Kisha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho ALDH2 huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, kitu cha jamii ya siki ambacho mwili hukitumia bila taabu. Nchini Japani, Uchina na Korea, watu wengi sana wamerithi jeni ya ALDH2 yenye badiliko moja tu, nalo linatosha kukilemaza kimeng'enya. Kimeng'enya hicho huundwa kwa vipande vinne vilivyoshikana, na kipande kibovu huwaharibia kazi wenzake. Ndiyo maana aliyerithi badiliko kwa mzazi mmoja tu hubaki na uwezo ulio chini kabisa ya nusu. Akinywa glasi moja, uso na shingo humwiva, moyo humwenda mbio na kichwa humgonga, kwa sababu asetaldehaidi imerundikana katika damu.

Sumu hiyohiyo huzifikia seli zinazojenga mfupa. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba badiliko hili linahusiana na kuvunjika nyonga. Waliorithi badiliko kwa wazazi wote wawili kwa kawaida hushindwa kabisa kunywa. Wanaonihofisha zaidi ni wale wa mzazi mmoja, ambao hujizoeza kunywa pamoja na wenzao kazini hata wakaacha kuujali ule wekundu, ilhali sumu bado inarundikana.

Je, Mwafrika wa Mashariki ambaye uso wake hauwi mwekundu yuko salama?

Hapana. Badiliko hilo la ALDH2 ni nadra mno kwa watu wenye asili ya Afrika, lakini kulikosa maana yake ni kwamba mwili hautoi onyo la mapema, wala si kwamba mifupa imepata kinga. Pombe yenyewe inatosha kuidhuru.

Kufa kwa kichwa cha mfupa wa paja ni nini?

Ni hali ya damu kutofika ipasavyo kwenye ile sehemu ya duara ya mfupa wa paja inayozunguka ndani ya nyonga. Mfupa hufa, kisha hubonyea kama ganda la yai lililokandamizwa. Wataalamu huihusisha hali hii na pombe iwapo mtu amekunywa zaidi ya mililita 400 za pombe halisi kwa wiki, kwa muda unaozidi miezi 6. Kwa ile bia niliyoitaja, hiyo ni zaidi ya chupa 16 kwa wiki. Dawa za steroidi, zinazotumiwa kutuliza uvimbe mwilini, nazo huweza kuisababisha. Huku kwetu isisahaulike selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao huleta uharibifu huohuo hata kwa kijana ambaye hajawahi kuonja pombe, na ni kumwonea mgonjwa wa namna hiyo kumdhania mlevi kabla ya kumpima damu.

Dalili zake ni zipi, na je, kuacha pombe kunasaidia?

Maumivu huanzia kwenye kinena, yakashuka pajani hadi gotini, na mgonjwa hupata shida kuinama kuvaa viatu au kupanda daladala. Picha ya eksirei ya mwanzoni huweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo maumivu yakiendelea ni haki kuomba kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, pale kinapopatikana. Aliyeacha pombe, seli zake za ujenzi huanza kufufuka ndani ya wiki chache. Kichwa cha mfupa kilichokwisha kubonyea hakirudi katika umbo lake, na mara nyingi tiba inayobaki ni kuwekewa nyonga ya bandia.