Papua ipi? Kisiwa kimoja, lugha mamia, jina lenye ubishi

Msomaji akikutana na maneno "Papua Magharibi" gazetini, ana haki ya kuuliza: ipi? Sisi tunaoshughulika na lugha tunaulizwa hivyo mara kwa mara, na jibu fupi halipo.

Kisiwa cha New Guinea ni cha pili kwa ukubwa duniani baada ya Greenland. Wakoloni walikikata kwa rula kwenye longitudo ya 141 mashariki, wakapinda kidogo tu pale penye mto Fly. Upande wa mashariki ni Papua New Guinea, nchi huru tangu 1975. Upande wa magharibi uko chini ya Indonesia, na huko ndiko kwenye mgogoro.

Waholanzi waliuita upande huo Nieuw-Guinea. Indonesia ikauita Irian Barat, kisha Irian Jaya mwaka 1973, mpaka Rais Abdurrahman Wahid alipotangaza mwaka 2000 kwamba jina la Papua lirudi. Hata Jayapura, mji mkuu wa jimbo la Papua, uliwahi kuwa Hollandia, Kota Baru, kisha Sukarnopura. Sasa mtego wenyewe: "barat" kwa Kiindonesia ni magharibi, na Papua Barat ya kwenye ramani za serikali ni jimbo moja tu kati ya sita yaliyopo tangu 2022. Wanaodai uhuru wakitamka Papua Magharibi, wanamaanisha yote sita.

Wenyeji wa huko wana lugha zaidi ya 250. Za pwani na visiwani, kama Kibiak, nyingi ni za ukoo wa Kiaustronesia, ndugu wa Kimalei. Za bara huitwa za Kipapua, ingawa neno hilo ni kapu tu la kutilia kila kisicho cha Kiaustronesia. Humo mna koo kadhaa ambazo hakuna aliyethibitisha kwamba zina babu mmoja.

Tuchukue Kimarind, cha kusini karibu na Merauke. Mwanamume ni "anem", mwanamke ni "anum", watu ni "anim". Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua hali hii, maana ni ngeli, ila badiliko halikai mwanzoni mwa neno kama m- na wa-, limejificha katikati, kwenye irabu. Kidani nacho, cha bonde la Baliem milimani, kilipata umaarufu miongoni mwa wanasaikolojia kwa kuwa na maneno mawili tu ya msingi ya rangi: "mili" kwa za giza na za ubaridi, "mola" kwa zilizong'aa na za joto. Na bado macho ya Mdani yanatofautisha rangi kama ya mtu mwingine yeyote. Mdani na Mmarind wakikutana mjini, huelewana kwa Kimalei cha Kipapua.

Mgogoro wenyewe ulianza pale Uholanzi ilipoitambua Indonesia huru mwaka 1949 lakini ikabaki na eneo hili. Tarehe 1 Desemba 1961 bendera ya Nyota ya Asubuhi ilipandishwa huko kwa mara ya kwanza kwa ridhaa ya Waholanzi. Mkataba wa New York wa 1962 ukalipitisha eneo kwa Umoja wa Mataifa, na Mei 1963 likakabidhiwa Indonesia, kwa sharti kwamba wenyeji waulizwe wanataka nini. Mkataba uliahidi nafasi kwa watu wazima wote. Ilipofika 1969, walioulizwa ni wajumbe zaidi ya 1,000 tu, na hakuna hata mmoja aliyepinga kubaki Indonesia. Sijui kura nyingine yenye umoja wa namna hiyo inayoaminika bila maswali. Na Indonesia ilikuwa imeshatia saini mkataba wa kuchimba madini huko na kampuni ya Freeport ya Marekani tangu 1967, kabla ya kura hiyo.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa halikusema limeridhika. Lilisema limeipokea taarifa ya matokeo. Kwa Jakarta neno hilo lilifunga mjadala, kwani nchi yao ni yote iliyokuwa ya Waholanzi, "kutoka Sabang mpaka Merauke", yaani toka ncha ya magharibi ya Indonesia hadi ya mashariki. Kwa wapinzani, kupokea taarifa si kuidhinisha. Filep Karma, mwanaharakati wa uhuru wa Papua, alipandisha ile bendera Desemba 2004 akahukumiwa miaka 15 jela. Aliachiliwa Novemba 2015.