Gigabaiti: kwa nini diski ya terabaiti 1 huonyesha GB 931

Ukichomeka diski mpya ya terabaiti 1 kwenye kompyuta ya Windows, utaona GB 931. Hakuna kilichopunguzwa. Baiti zote trilioni 1 zimo. Kinachotofautiana ni kipimo cha kuzihesabia.

Biti ni kipande kidogo kabisa cha data, 0 au 1. Biti 8 hufanya baiti 1, nafasi inayotosha herufi moja ya kawaida. Kuanzia hapo hesabu huwa mbili. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa maelfu: kilobaiti ni baiti 1,000, gigabaiti ni bilioni 1. Upande wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mambo ni tofauti. Anwani za RAM huandikwa kwa biti, na kila biti inayoongezwa huzidisha nafasi mara mbili, kwa hiyo 1,024 ndiyo iliyozoeleka kama "kilo". Kwa hesabu hiyo gigabaiti ina baiti 1,073,741,824.

Windows hutumia hesabu hii ya pili hata kwa diski, lakini huandika GB vilevile. Gawanya trilioni 1 kwa 1,073,741,824 upate 931. Diski ya GB 500 itaonyesha 465, ya GB 256 itaonyesha 238. Kwa haraka, zidisha GB zilizoandikwa kwenye boksi kwa 0.931. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa majina ya kuondoa utata huu, yaani kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti (KiB, MiB, GiB), ila matumizi yake bado ni haba. macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ilihamia kwenye hesabu ya maelfu mwaka 2009, ndiyo maana diski ileile huonekana ya terabaiti 1 kamili huko. Kwenye Linux, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, df -h, huhesabu kwa 1,024 na df -H kwa 1,000.

Kasi ya intaneti, kwa upande wake, hupimwa kwa biti. Mb yenye b ndogo ni megabiti, MB ni megabaiti. Mtandao wa Mb 100 kwa sekunde hushusha MB 12.5 kwa sekunde, tena hapo ni kwa kiwango cha juu kabisa.

Nafasi inayopotea kwelikweli hutokana na mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski, kama NTFS, exFAT na FAT32. Diski hugawanywa katika vijisehemu vya ukubwa mmoja, na faili hata likiwa dogo huchukua kijisehemu kizima. Kwenye NTFS kijisehemu kwa kawaida ni KB 4, hasara ndogo. Kwenye flashi ya GB 64 iliyofomatiwa exFAT na Windows, kijisehemu huwa KB 128. Nakili humo mafaili 10,000 ya KB 2 kila moja: data ni kama MB 20, lakini nafasi inayoliwa inapita GB 1.2. Yakusanye kwanza katika faili moja la zip. Yatanakiliwa kwa kasi zaidi pia.

Flashi ikikataa filamu ya GB 5 ilhali ina nafasi tele, kagua kama ni FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo kwanza, kwa sababu kufomati hufuta, kisha ifomati upya kwa exFAT.

Flashi bandia ni hatari zaidi. Chipu yake huwa ya GB 16, lakini imepangwa itangaze 128, na Windows itaonyesha GB 119 bila wasiwasi. Ukipita GB 16, data mpya hutupwa au hufuta ya zamani, huku majina ya mafaili yakibaki yanaonekana, utagundua utakapoyafungua. Kuangalia ukubwa pekee hakusaidii. Kabla ya kuweka chochote, ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux. Programu hizi huandika data mpaka mwisho, kisha huisoma tena na kulinganisha.