Mashindano ya Roboti: Ushirikiano Uandikwe Kwenye Kanuni

Siku ya ufunguzi wa mashindano ya roboti hakukosekani msemaji wa kuwahimiza wanafunzi wasaidiane. Wanafunzi hupiga makofi, hurudi mezani kwao, hufungua kitabu cha kanuni na kukuta kila pointi ni ya timu moja peke yake. Basi wanaficha michoro yao. Siwalaumu hata kidogo. Tukitaka shule zishirikiane, na zile zisizo na fedha nazo ziingie uwanjani, tuanze na hicho kitabu.

Mashindano ya shirika la FIRST la Marekani yanaonyesha jambo hili vizuri. Yalianza 1992 na timu 28. Mwaka 1999 yakaleta miungano: timu zinacheza bega kwa bega, na mshirika wako wa mechi hii huenda akawa mpinzani wako mechi ijayo. Betri mbovu ya jirani ikawa shida yako pia. Mwaka 2012 waliweka daraja katikati ya uwanja, na roboti za pande mbili zinazopingana zikilipanda na kulisawazisha pamoja, pande zote mbili zilipata pointi za msimamo. Hapo wapinzani walilazimika kutafutana na kupanga kabla ya mechi.

Kanuni inaweza pia kuwabagua maskini bila mtu kukusudia. Katika mashindano hayo hayo, kwa miaka mingi timu zilijenga kwa takriban wiki sita, kisha roboti ikawekwa kando hadi siku ya mashindano. Nia ilikuwa njema, kuwapa wote muda sawa. Lakini wenye uwezo walijenga roboti ya pili, pacha wa ile ya kwanza, wakaendelea kufanya mazoezi nayo huku wengine wakisubiri. Kuanzia msimu wa 2020 kanuni hiyo ikaondolewa. Nako katika jimbo la Michigan, mwaka 2009, walianza kuandaa mashindano madogo karibu na shule, timu ikashiriki mashindano mawili kwa ada moja. Kwa shule inayochangishana nauli, hilo ni jambo kubwa kuliko kombe lolote.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa RoboCupJunior, mashindano ya kimataifa ya roboti kwa wanafunzi. Timu za nchi tofauti huunganishwa, hupewa kazi mpya papo hapo, na roboti zao zinapaswa kuifanya pamoja. Hakuna aliyejiandaa nyumbani kwa kazi hiyo, kwa hiyo kuzungumza ndiyo njia pekee.

Waandaaji wadogo wanaweza kuiga haya kwa gharama ndogo. Uwanja mmoja wa mazoezi utumike na shule kadhaa kwa zamu. Mota, vihisi na betri za msimu uliopita ziwekwe kwenye ghala la pamoja, zikopeshwe kama vitabu vya maktaba. Timu inayotoa programu yake hadharani mapema, si baada ya fainali, ipewe pointi.

Kuna hatari moja inayonisumbua kuliko zote. Shule yenye uzoefu ikiunganishwa na shule changa, mara nyingi wakongwe huunda na kuandika programu, na wageni hushika bisibisi na kupiga picha. Kwenye karatasi huo ni ushirikiano, lakini mtoto wa shule changa anarudi nyumbani mikono mitupu. Dawa yake iko kwa waamuzi. Pointi za kusaidia zisitolewe kwa maelezo ya aliyesaidia. Mwamuzi amwendee mwanafunzi wa timu iliyosaidiwa, achomoe waya mmoja, amwombe atafute hitilafu na aeleze kwa nini walichagua gia ile na si nyingine. Mwalimu asimame mbali. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa maneno yake, hata kwa kusitasita, timu zote mbili zipewe pointi. Asipoweza, zisipewe, na wafundishane tena kabla ya mechi ya mchana.