Mchanganyiko mwepesi na mchanganyiko mzito: maana yake kwenye injini ya petroli, na namna ya kuutafuta ugonjwa

Ili petroli iungue yote na oksijeni iishe yote, kila gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Uwiano huo ndio unaoitwa lambda 1. Hewa ikizidi, yaani petroli ikiwa pungufu kwa hewa iliyoingia, lambda hupanda juu ya 1 na tunasema mchanganyiko ni mwepesi. Petroli ikizidi, lambda hushuka chini ya 1 na mchanganyiko ni mzito.

Si kila wepesi au uzito ni ugonjwa. Injini baridi huongezewa petroli kwa makusudi, maana sehemu yake hushikamana na kuta za chuma baridi bila kugeuka mvuke. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho kupanda mlima wa Kitonga, kompyuta hushuka kwenye uwiano wa 12.5 hadi 13, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ilipo. Ukiachia mguu kwenye mteremko, nozeli (vinyunyizio vya petroli) hufungwa kabisa kwa muda. Ugonjwa ni pale injini imeshapata moto, inakwenda mwendo wa kawaida, na kompyuta inashindwa kuurudisha uwiano kwenye 14.7, au inaurudisha kwa taabu kubwa.

Kompyuta haioni petroli

Hapa ndipo makosa mengi ya gereji yanapoanzia, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kifaa kinachoiambia kompyuta hali ya mchanganyiko ni sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye bomba la ekzosi. Bosch ndio walioanza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1976, na gari la kwanza kuitumia lilikuwa Volvo lililouzwa Marekani. Ile ya kawaida, ya zirkonia, ikishapata joto la kama nyuzi 300 na zaidi, hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 moshi ukikosa oksijeni (mzito), karibu volti 0.1 oksijeni ikibaki (mwepesi). Kwenye injini isiyo na kasoro volti hiyo haitulii. Inapanda na kushuka kupita 0.45 bila kukoma, kwa sababu kompyuta inaongeza na kupunguza mafuta muda wote ikitafuta katikati.

Sensa hiyo haina habari yoyote na petroli. Inajua oksijeni tu. Sasa chukua silinda moja inayomisi, yaani petroli yake haiwaki, kwa sababu ya koili mbovu ya kutoa cheche. Petroli yake haikuungua, na oksijeni yake pia haikutumika. Oksijeni hiyo yote inapita mbele ya sensa, sensa inasema "mwepesi", kompyuta inaongeza mafuta. Nyuma ya gari unanusa petroli mbichi, ekzosi ni nyeusi, na mashine ya kusomea makosa inaandika mchanganyiko ni mwepesi. Anayebadilisha sensa hapo anatupa pesa. Dawa ni koili.

Ekzosi inayovuja kabla ya sensa nayo hudanganya vivyo hivyo. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo hushuka, hewa ya nje inavutwa ndani kupitia ufa au gasketi iliyoungua. Kwa magari yetu hili ni la kuangaliwa mapema, maana mengi yameshafunguliwa ekzosi kutolewa masega (kisafisha moshi kilicho ndani yake), kisha yakachomelewa bila uangalifu. Ufa wa milimita chache karibu na sensa unatosha kuwasha taa ya cheki injini kwa kosa ambalo injini haina.

Asilimia za marekebisho

Namba zinazosema mengi kuliko kodi yenyewe (alama ya kosa inayosomwa kwa mashine) ni marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yako mawili: ya muda mfupi, yanayobadilika kila sekunde, na ya muda mrefu, ambayo ni yale kompyuta imejifunza na kuyahifadhi. Yajumlishe. Jumla chanya maana yake kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu imeona wepesi. Jumla hasi maana yake inapunguza kwa sababu imeona uzito. Kati ya -5 na +5 injini ni nzima, hadi 10 ni ya kufuatiliwa, na ikizidi hapo kuna kitu. Taa kwa kawaida haiwaki mpaka marekebisho yakaribie kikomo chake, mara nyingi kwenye asilimia 20 na kitu au zaidi. Kodi P0171 ni wepesi na P0172 ni uzito kwa upande wa kwanza wa injini; P0174 na P0175 ni hizo hizo kwa upande wa pili, kwenye injini za V. Pande zote mbili zikilalamika pamoja, tafuta kitu wanachokitumia wote: sensa ya hewa, presha ya mafuta, mpira mkubwa wa hewa. Ukilalamika mmoja tu, tafuta gasketi, nozeli au ekzosi ya upande huo.

Usichomoe betri kabla ya kusoma. Kuchomoa terminali kunazima taa, ni kweli, lakini kunafuta pia marekebisho yaliyojifunzwa na picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: joto, mwendo, mzigo. Ushahidi wote unakwenda, ugonjwa unabaki. Na magari kadhaa ya soko la Japani yaliyotengenezwa kabla ya 2008 hayaongei na vile vifaa vidogo vya Bluetooth hata kama tundu lake linafanana. Yanahitaji mashine inayojua lugha ya kampuni husika.

Soma jumla hiyo mara tatu, injini ikiwa na moto: ikiwa imewashwa gari limesimama bila kukanyaga mafuta, ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, na barabarani ikiwa na mzigo. Namna namba inavyobadilika kati ya hali hizo ndiyo inayokuonyesha pa kwenda.

Tuseme ni +22 ikisimama na +4 kwenye 2,500. Hewa inaingia mahali ambapo sensa ya hewa haikuipima. Fanya hesabu uone kwa nini. Injini ya lita 1.5 kama 1NZ-FE, iliyo kwenye Toyota IST na Vitz nyingi, huvuta takriban gramu 2 za hewa kwa sekunde ikiwa imesimama. Tundu linaloingiza gramu 0.4 ni asilimia 20 ya hewa hiyo. Injini ikivuta gramu 8, tundu hilo hilo ni asilimia 5 tu. Uvujaji haukupungua, umezidiwa.

Kinyume chake, jumla ni ya kawaida ikisimama lakini inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka: mafuta hayafiki ya kutosha, au sensa ya hewa inahesabu pungufu. Ikisimama injini inahitaji mafuta kidogo, hata pampu iliyochoka inayamudu. Mlimani ndipo inapoumbuka.

Ikiwa jumla ni chanya kwa kiasi kile kile kwenye hali zote tatu, shuku nozeli chafu au presha ya chini.

Tahadhari moja: haya ya tundu la hewa ni kwa injini zenye sensa inayopima hewa inayopita. Injini za zamani kama 5A-FE, zinazopima mvuto ndani ya manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda), hazisomi hivyo. Hewa ya ziada inapandisha shinikizo, kompyuta inaiona na kuitilia mafuta, kwa hiyo dalili kubwa ni injini kuzunguka kwa kasi gari likiwa limesimama, si kodi ya wepesi.

Kuutafuta wepesi

Anza na macho na mikono. Mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throto (mlango wa hewa wa injini) hupasuka kwenye mikunjo yake kwa chini, mahali pasipoonekana mpaka uukunjue. Mpira wa kurudisha mvuke wa oili hulainika na kutoboka. Mpira wa haidrovaki ya breki, gasketi ya manifoldi, oringi za nozeli, zote zikaguliwe. Kisha bana mipira midogo kwa koleo lisilokata, mmoja mmoja, huku ukitazama marekebisho ya muda mfupi: ukibana penye kosa, namba itashuka pale pale.

Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi. Inafanya kazi, mlio hubadilika na marekebisho huanguka, lakini dawa hiyo inashika moto na manifoldi ya ekzosi iko jirani. Puliza kidogo sana, weka kizima moto karibu, na usifanye kabisa kama kuna nyaya za plagi zinazorusha cheche. Mashine ya moshi ni bora kwa kila namna: unajaza moshi kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, na unakaa kutazama unapotokea.

Kwa upande wa mafuta, pima presha kwa geji badala ya kukisia. Kwenye 1NZ-FE inatakiwa iwe kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50, na dakika 5 baada ya kuzima isishuke chini ya kPa 147. Presha ikiwa nzuri gari limesimama lakini ikaanguka ukikanyaga, ni filta iliyoziba, pampu iliyochoka, au waya unaoipa pampu umeme pungufu. Pima volti kwenye plagi ya pampu kabla ya kununua pampu.

Sensa ya hewa yenye vumbi kwenye waya wake huhesabu hewa pungufu, hasa kwenye mzigo. Isafishe kwa dawa yake maalumu, iache ikauke. Usiiguse kwa kidole wala pamba wala kuipuliza kwa kompresa. Waya ule ni mwembamba mno.

Kuutafuta uzito

Plagi nyeusi yenye masizi makavu, harufu ya petroli, matumizi yaliyopanda, na marekebisho hasi. Mkosaji wa kwanza wa kumwangalia katika mazingira yetu ni themostati iliyotolewa. Bado kuna mafundi wanaoitoa ili "injini isichemshe". Themostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo injini inaweza kutembea muda mrefu ikiwa na joto la chini, na kompyuta inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kutia mafuta ya injini baridi. Tena, katika hali hiyo mara nyingi marekebisho hayaonyeshi ubaya mkubwa, maana kompyuta imeagiza yenyewe. Tazama joto kwenye mashine. Kama ni 60 baada ya nusu saa ya safari, rudisha themostati kwanza.

Sensa ya joto la maji nayo inaweza kusema uongo huo huo. Ipime kwa mita: kwenye Toyota nyingi ni takriban kiloomu 2.3 hadi 2.6 kwa nyuzi 20, na karibu kiloomu 0.32 kwa nyuzi 80.

Nozeli inayodondosha hujionyesha kwa gari kugoma kuwaka likiwa la moto, kisha likaamka na moshi mweusi. Kwenye injini zenye regyuleta ya mafuta (kidhibiti cha presha) inayotumia mpira wa mvuto, chomoa mpira huo: ukikuta petroli ndani, kiwambo kimepasuka. Valvu inayovuta mvuke wa tangi ikikwama wazi, uzito unaonekana zaidi gari likiwa limesimama. Bana mpira wake na utazame namba zikirudi. Kujaza tangi hadi mdomoni baada ya pampu ya kituo kujikata kunaweza kupeleka petroli ya maji kwenye chujio la mvuke, na hilo linaharibu chujio lenyewe.

Oili nayo ni ya kunusa. Ikiwa imechanganyika na petroli, mvuke wake unaingia injini kupitia mpira wa mvuke wa oili na kuzidisha uzito hata baada ya nozeli kutengenezwa. Badilisha oili.

Na filta ya hewa chafu? Kwenye kabureta, ndiyo, huleta uzito. Kwenye injini ya sindano, yaani yenye nozeli, inapunguza nguvu, lakini kompyuta inatoa mafuta kwa hewa iliyopita kweli, kwa hiyo usitegemee kutibu P0172 kwa filta mpya. Kabureta pia ndiyo inayosumbuliwa na mwinuko: iliyorekebishwa Dar es Salaam ikipelekwa Mbeya au Nairobi, kwenye mita kama 1,700, inakuwa nzito kwa kuwa hewa huko ni nyembamba. Inahitaji jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi.

Kabla ya kuihukumu sensa

Ijaribu. Injini ikiwa na moto, ingiza dawa kidogo ya kabureta kwenye njia ya hewa: volti iruke hadi 0.8 au zaidi mara moja. Kisha chomoa mpira mmoja wa mvuto: ianguke hadi 0.2 au chini. Ikifanya yote mawili upesi, sensa ni nzima na inasema kweli. Ila kwanza jua ni ya aina gani. Toyota nyingi zina sensa ya uwiano, ambayo husomeka karibu volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na volti zake hupanda kwenye wepesi, kinyume cha ile ya kawaida.

Ukishatengeneza, futa kodi kwa mashine na uzungushe gari kilomita kadhaa. Ukiacha marekebisho ya zamani bila kuyafuta, usishtuke ukiona ya muda mfupi yamekwenda -18 au -20: kompyuta bado inatia mafuta ya tundu ambalo halipo tena, na ya muda mrefu yatashuka polepole mpaka jumla irudi karibu na sifuri.