Aberri Eguna: stori za uongo kuhusu sikukuu ya Wabaski

Kila Pasaka picha za Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, na bendera zao nyekundu, kijani na nyeupe zinazunguka mtandaoni, na maelezo yanayoambatana nazo mengi ni ya kubuni.

Inayopendwa sana ni kwamba Aberri Eguna, yaani Siku ya Taifa, imeigwa kwa Waayalandi walioasi Uingereza Pasaka ya 1916. Ukiisikia unaikubali haraka, Pasaka kwa Pasaka, na kweli baadhi ya Wabaski waliwahusudu Waayalandi. Ila chanzo ni bustani ya kina Arana pale Abando, siku hizi ni ndani ya Bilbao. Jumapili ya Pasaka 1882 Luis Arana alikaa na mdogo wake Sabino, kijana wa miaka 17, wakabishana weee. Sabino alikuwa Mkarlisti kama baba yao, wale waliopigania ukoo mwingine ukae kwenye kiti cha ufalme wa Hispania, kaka mtu akamwambia achana na wafalme wa watu, sisi ni taifa na sheria zetu za jadi zimefutwa juzi tu 1876. Dogo akaondoka na mashaka, akaanza kusoma historia ya Bizkaia, mkoa wao, na 1895 akaanzisha chama, PNV, yaani Chama cha Kitaifa cha Wabaski.

Kwa hiyo sikukuu aliianzisha Sabino? Wapi, alifariki 1903. Chama chake ndo kiliiandaa mara ya kwanza, Bilbao, tarehe 27 Machi 1932, Pasaka tena, kutimiza miaka 50 ya yale mabishano. Cha Sabino ni neno "aberri", alilitunga mwenyewe, so wanaosema ni jina la kale la mababu wanakupiga fiksi.

Eti ni siku ya ETA, lile kundi lenye silaha lililopigania uhuru wa Wabaski? ETA imeanza 1959, hesabu mwenyewe. Sikukuu yenyewe Franco, dikteta wa Hispania, aliipiga marufuku, watu wakaificha au kuisherehekea uhamishoni, mpaka 1978 ikaruhusiwa.

Na wengi hawaamini hii: serikali ya Euskadi, jimbo la Wabaski lenye mamlaka yake ndani ya Hispania, haijaitangaza Aberri Eguna kuwa sikukuu rasmi. Badala yake walijaribu 25 Oktoba, siku ya kura ya 1979 ya Mkataba wa Gernika, sheria iliyolipa jimbo hilo mamlaka ya kujitawala, ikawa mapumziko kuanzia 2011, baada ya miaka michache ikafutwa. Vyama havikukubaliana, na hata Pasaka yenyewe PNV wanajaa Bilbao huku mrengo wa kushoto wakienda zao Pamplona.