Una siliaki, unataka sandwichi: maswali na majibu

Katika miji ya Marekani na Uingereza mkahawa wa sandwichi hauko mbali, na kwa mtu wa kazi za zamu mwenye dakika ishirini za kula, mara nyingi hapo ndipo anapokimbilia. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, hapo ni miongoni mwa mahali pagumu zaidi kula nje ya nyumba. Haya ni maswali ambayo Waswahili walioko huko huuliza.

Siliaki ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mwenye nao akila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya rye), kinga yake inashambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula, na hivyo ndivyo vinavyolika mpaka ukuta wa utumbo unabaki bapa. Unakula lakini mwili haupati. Mmoja ataharisha na kujaa gesi. Mwingine tumbo lake ni zima kabisa, ila kila akipimwa anaambiwa ana upungufu wa damu, na vidonge vya madini ya chuma havimsaidii. Mtoto anadumaa. Mtu mzima mifupa yake inadhoofika kabla ya wakati. Wengine hutokwa na vipele vinavyowasha viwikoni na magotini.

Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, siku za sikukuu zikiwemo.

Ukijishuku, usiache mkate kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na ukiacha gluteni kingamwili hizo hupungua, kwa hiyo unaweza kuambiwa huna ugonjwa ilhali unao. Pima kwanza. Mara nyingi daktari ataagiza pia uchunguzi wa utumbo kwa kamera, na kinyama kidogo kichukuliwe kikaangaliwe kwa hadubini.

Huu si ugonjwa wa Wazungu?

Hapana. Mwaka 1999 watafiti waliowapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria, waliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100. Katika nchi nyingi za Ulaya ni takriban mtu 1 katika 100. Kinachohitajika ni mambo mawili: vinasaba vinavyoufungulia mlango, na gluteni mezani. Aliyekulia ugali, wali, ndizi na muhogo anaweza kuwa na vinasaba hivyo asijue, halafu akahamia mahali ambapo mkate uko asubuhi, mchana na usiku.

Mkahawa una mkate usio na gluteni. Tatizo liko wapi tena?

Tatizo ni chenga za ule mkate mwingine.

Simama pembeni ya kaunta uangalie sandwichi moja ikitengenezwa. Mhudumu aliyevaa glavu anashika mkate wa ngano, anaukata, anauweka juu ya ubao. Kwa glavu zilezile anachota letusi, anachota nyanya, anachota jibini. Kila mkono unapoingia kwenye chombo cha letusi, unaacha chenga. Kisu kinapaka mayonezi juu ya mkate kisha kinarudi ndani ya kopo. Sandwichi inakatwa katikati, kisu kinafutwa kwa kitambaa ambacho kimefuta kaunta tangu asubuhi. Kisha unakuja wewe na mkate wako maalumu uliotoka kwenye pakiti yake safi, unawekwa juu ya ubao uleule na kujazwa kutoka vyombo vilevile. Mkate wenyewe hauna kosa, ila ukifika mkononi mwako tayari una ngano.

Wenzetu Waislamu wanalielewa hili bila somo: nyama halali iliyokatwa kwa kisu kilichotoka kwenye nguruwe hailiki, hata kama kisu hakionekani kuwa na kitu. Bibi nyumbani asiyeelewa kwa nini mjukuu hali chapati, wala wali uliochotwa kwa mwiko uliotoka kwenye tambi, mweleze kwa njia hiyo.

Chenga kidogo tu zinaweza kudhuru kweli?

Tuangalie hesabu. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida wa ngano kina gluteni kama gramu 2, sawa na miligramu 2,000. Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwapa wagonjwa wa siliaki miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu, na utumbo ukaonyesha madhara. Hiyo ni sehemu moja ya kipande kilichogawanywa mara 40. Wataalamu wengi huchukua miligramu 10 kwa siku kuwa mpaka ambao wagonjwa wengi hawadhuriki nao, nayo ni sehemu moja kati ya 200.

Kiwango cha kisheria Marekani na Ulaya ni kimoja: chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Mkate wa gramu 100 uliofika kwenye ukomo huo utakuwa na miligramu 2. Yaani mkate wenyewe unaweza kula bila wasiwasi, lakini chenga zilizojaa kwenye chombo cha letusi zinaweza kuvuka mpaka wa siku nzima kwa mkupuo mmoja.

Nikifika kaunta niseme nini?

Usianze na "mna mkate usio na gluteni?" Watakujibu ndiyo, na ndiyo hiyo haina maana kwako. Uliza *mnatengenezaje*. Jibu litakuonyesha kama wamefundishwa au wanabahatisha.

Nenda saa ambayo hakuna foleni, kama saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Omba kuongea na meneja wa zamu. Kisha sema kwa kifupi, bila aibu: nina ugonjwa wa siliaki, si suala la kupunguza unene, chenga za mkate wa ngano zinaniumiza. Neno la ugonjwa litaje, maana wako wateja wengi wanaokwepa gluteni kwa hiari yao, na wahudumu wamezoea kuwachukulia kirahisi. (Siwalaumu wateja hao. Ni kwa sababu yao maduka yamejaa mikate hii.)

Baada ya hapo kuna mambo ya kuomba. Mhudumu anawe mikono kwa sabuni na avae glavu mpya. Sanitiza ya alkoholi huua vijidudu lakini haiondoi gluteni, kwa hiyo kujipaka tu hakutoshi. Atandike karatasi safi juu ya kaunta, atumie kisu kilichooshwa, na mkate utolewe kwenye pakiti mbele ya macho yako. Vya kujazia vitoke kwenye vyombo vipya kutoka kwenye friji ya nyuma, visitoke kwenye vile vya mbele. Nyama na jibini pia ziangalie: mashine ya kukatia inaweza kuwa imetumika kwa nyama iliyochanganywa na unga. Sandwichi ikishakuwa tayari, ifungwe peke yake.

Ni orodha ndefu, na mhudumu mwenye foleni nyuma yako anaweza kukunja uso. Mwache akunje. Ila akisema "sina hakika", au akacheka, au akaanza kutengeneza bila kubadilisha glavu, chukua maji ya chupa ulipe uondoke. Mimi namheshimu zaidi mhudumu anayekiri kwamba hapo kwao haiwezekani kuliko anayesema "hakuna shida" kwa kila swali.

Nikiomba wanifungie kwenye majani ya letusi badala ya mkate?

Mikahawa ya Jimmy John's ya Marekani, kwa mfano, inayo sandwichi ya namna hiyo, na ni wazo zuri. Lakini umeondoa mkate tu, mikono ni ileile. Masharti yote ya hapo juu yanabaki.

Vya kujazia vipi? Nyama ni nyama.

Nyama ni nyama mpaka iingie jikoni. Vinyama vya kusaga vya mviringo mara nyingi huchanganywa na unga wa mkate ili vishikane. Kuku aliyelowekwa kwenye teriyaki ana sosi ya soya ndani, na sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. "Kaa" wa bandia, vile vipande vyeupe vyenye rangi nyekundu pembeni, kwa kawaida huwa na wanga wa ngano. Siki ya kimea inatokana na shayiri. Supu nzito nyingi huongezwa unga. Samaki jodari wa kopo, mayai, parachichi, nyanya na jibini lisilochanganywa na kitu havina tatizo, mradi visichotwe na kijiko kilichozunguka kila mahali. Mayonezi na haradali ziombe za kwenye pakiti ndogo.

Chipsi za viazi za pakiti, soma maandishi. Chipsi za kukaanga, uliza mafuta: yakiwa yamekaanga kuku wa unga, achana nazo.

Wakiuchoma mkate wangu kwenye tosta yao?

Hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana sana. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulichoma mkate usio na gluteni kwenye tosta iliyotumika kwa ngano, na vipimo vikabaki chini ya kile kiwango cha miligramu 20 kwa kilo. Hiyo ni tosta tu. Mashine ya kubana sandwichi juu na chini ni jambo jingine, kwa sababu mkate unagandamizwa moja kwa moja juu ya mabaki ya uliotangulia. Ushauri wangu ni kula bila kuchoma, au wafunge kwa karatasi ya foili kabla ya kuingiza kwenye oveni.

Mkahawa wenye jina kubwa si una uhakika zaidi?

Una utaratibu ulioandikwa, na hilo lina thamani. Jersey Mike's, kwa mfano, wana mikate isiyo na gluteni, na ukiwaambia wanaweza kubadilisha glavu na vyombo. Lakini mikahawa mingi ya aina hii humilikiwa tawi kwa tawi na watu tofauti, kwa hiyo tawi la mtaa huu likifanya vizuri, la mtaa wa pili bado lina maswali ya kujibu. Soma pia maandishi madogo kwenye tovuti zao: wengi wanaandika wazi kwamba hawatoi dhamana kwa mwenye siliaki.

Sheria nazo hazilingani. Uingereza na Umoja wa Ulaya, mkahawa unalazimika kukueleza kama chakula kina nafaka yenye gluteni. Uingereza iliongeza tarehe 1 Oktoba 2021 sheria inayojulikana kwa jina la Natasha, msichana wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta, kitu alichokuwa na mzio nacho. Tangu hapo sandwichi inayofungwa dukani kabla mteja hajaiagiza lazima iwe na orodha kamili ya viambato. Marekani, sheria ya vizio (vyakula vinavyoleta mzio) ya mwaka 2004 inataja ngano kwenye vyakula vya pakiti, lakini si shayiri wala rai. Ndiyo maana pakiti iliyoandikwa "wheat free" haitoshi. Tafuta iliyoandikwa "gluten free".

Mkate wa sourdough uliochachushwa muda mrefu?

Kama ni wa ngano, hapana.

Rafiki yangu ana siliaki, anakula mkate siku mojamoja na haumwi.

Kutoumwa si kutodhurika. Utumbo unaweza kuendelea kulika bila tumbo kulalamika, na daktari akaligundua miaka baadaye kupitia damu au mifupa. Mwambie rafiki yako arudie kipimo cha damu.

Nimeshakula kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Usijitapishe. Kunywa maji, hasa ukiharisha, pumzika, kula vyakula vyepesi. Vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa kwa madai ya kusaga gluteni visikudanganye kwamba vinakukinga. Kosa moja kwa kawaida haliachi madhara ya kudumu, ila likijirudia kila wiki ni jambo jingine.

Ukivimba midomo, ukishindwa kupumua au ukizimia, hiyo si siliaki. Huenda una mzio wa ngano au wa kitu kingine, na hapo ni kupiga simu ya dharura mara moja.

Shule ya mwanangu inawapeleka matembezi na watakula sandwichi. Nimfungie nini?

Mfungie chakula cha nyumbani kwenye chombo chake chenye jina lake, na mwalimu ajue kwamba watoto wasibadilishane. Mkate wa kumimina wa Zanzibar na vitumbua hutengenezwa kwa mchele, navyo havioni haya mbele ya sandwichi yoyote. Vipike mwenyewe, kwa unga wa mchele wenye alama ya kutokuwa na gluteni, kwa sababu wapo wapishi wanaoongeza ngano kidogo ili kishikane, na wa kuuza hawatakuambia usipouliza. Kikaango cha vitumbua kisiwe kilekile cha chapati za maji.