Mbona samaki hukauka akiwa ndani ya maji?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mtoto ambaye magego hayajaota apikiwe samaki kwa muda mrefu, ili alainike. Nilikuwa nautokosa mnofu nusu saa nzima, kisha naushangaa: umezama kwenye mchuzi, lakini mdomoni ni mkavu kama pamba. Mtoto anatafuna, anatafuna, mwishowe anautema. Nilichofanya? Nikaongeza dakika.

Kosa lenyewe nililitoa kwenye nyama ya ng'ombe. Hiyo kweli ukiivumilia hulainika, nasi tukadhani kila chenye misuli hufuata sheria ile ile. Na wazo kwamba maji ya sufuria "huingia" ndani ya nyama na kuilowanisha halina ukweli mkubwa. Joto linapopanda, safari kubwa ya maji ni ya kutoka.

Fikiria nguo iliyoloa. Nyuzi za protini ndani ya mnofu zimeshika maji kama kitambaa kilivyoyashika. Moto ukizidi, nyuzi hizo hujikaza na kujikunja, kama mikono miwili inayokamua nguo. Uikamue nguo ndani ya beseni la maji au nje, kinachotoka kimetoka. Ule ute mweupe unaoganda juu ya mnofu ukiwa jikoni ni protini iliyotoka pamoja na maji hayo.

Basi mbona ng'ombe hulainika? Naye hukamuliwa vile vile, ila misuli yake imefungwa kwa kolajeni (protini inayoishikanisha misuli) nyingi na ngumu, ambayo ikipikwa taratibu kwa saa kadhaa hugeuka jelatini, yaani ute laini, na utelezi wake hufidia maji yaliyopotea. Samaki, ambaye uzito wake hubebwa na maji, ana kolajeni kidogo na dhaifu. Misuli yake ni mifupi, imepangwa kama matofali, na kolajeni hiyo ndiyo udongo mwembamba wa katikati. Udongo huo huyeyuka mapema, ndiyo maana mnofu ulioiva huachana vipandevipande ukiugusa kwa uma. Ukifika hapo umelainika kadiri utakavyolainika. Kinachofuata ni kukamua tu.

Hili si ruhusa ya kumpa mtoto samaki mbichi. Mamlaka za Marekani hupendekeza nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya mnofu. Kwa macho, uwe umepoteza ung'avu wa kioo na kuachana kwa urahisi. Kanuni ya zamani ya jikoni husema dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ni makadirio tu, kwani samaki hutofautiana na majiko pia. Miiba itafute kwa vidole, maana macho hudanganya.

Halafu yuko ngisi, mvurugaji wa sheria. Huyu ana kolajeni nyingi kuliko samaki wa kawaida. Mpike dakika mbili, ni laini. Mpike dakika kumi, ni mpira wa kandambili. Uendelee hadi karibu saa moja, analainika tena, kwa sababu kolajeni sasa imeyeyuka. Pweza naye huhitaji moto mrefu. Kwa mtoto mdogo mimi huchagua njia ndefu, kisha nakatakata vipande vidogo sana, kwani pete ya ngisi ni rahisi kumkwama kooni hata ikiwa laini.